Barua ya wazi kwa wanaotunga kanuni za makao ya wanyama: wekeni kwanza kikomo cha idadi

Waheshimiwa,

Ninawaandikia ninyi mliopewa dhamana ya kutunga sheria na kanuni za ustawi wa wanyama: wabunge, wakurugenzi wa huduma za mifugo, na pia wakuu wa manispaa, kwa sababu baadhi yenu mnaendesha mabanda ya mbwa wanaokamatwa mitaani. Kwa miaka mingi nimehudumu katika makao ya wanyama. Kazi yangu imekuwa kufagia mabanda, kuwashika mbwa wakati wa kudungwa chanjo, na kuandika daftari la wanaoingia na wanaotoka. Nina ombi moja kubwa, na mengine nitakayoyataja yanazaliwa nalo. Kila makao ya wanyama, yawe ya serikali, ya shirika la hisani au ya mtu binafsi, yapewe leseni inayotaja idadi ya juu ya wanyama wanaoruhusiwa kuwamo kwa siku moja, na idadi hiyo itokane na saa za kazi za wahudumu waliopo. Hesabu ya vizimba isitumike peke yake.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu rasimu za kanuni za aina hii huanzia kwenye jengo. Hutaja upana wa kizimba, kimo cha uzio, aina ya sakafu, mteremko wa mfereji wa maji machafu. Yote hayo yanahitajika na siyapingi. Ila nimeona vizimba vilivyojengwa vizuri kabisa, vyenye sakafu isiyonyonya maji, ambamo mbwa walilala juu ya kinyesi chao hadi alasiri kwa kuwa wahudumu wawili walikuwa wakihangaika na wanyama waliohitaji watu saba. Mkaguzi mwenye futi ya kupimia angelipitisha jengo lile bila swali.

Kuna rasimu nyingine zinazoanzia kwenye misingi. Mwaka 1965 kamati iliyoongozwa na Profesa Brambell nchini Uingereza, ikichunguza mifugo iliyofungiwa ndani, ilisema mnyama awe na nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kujinyoosha. Mwaka 1979 baraza la ustawi wa mifugo la nchi hiyo likaupanua msingi huo ukawa uhuru wa aina tano: uhuru dhidi ya njaa na kiu, dhidi ya adha ya mazingira, dhidi ya maumivu, majeraha na magonjwa, uhuru wa kuonyesha tabia za asili, na uhuru dhidi ya hofu na dhiki. Leo misingi hiyo imo katika kanuni za Shirika la Afya ya Wanyama Duniani na katika sheria za nchi nyingi. Ni misingi mizuri, nami naishi nayo. Lakini sheria ikiishia hapo, mkaguzi ataingia kwenye makao akiwa na sentensi ambayo hana namna ya kuipima, na msimamizi wa makao atakuwa na sentensi hiyohiyo ya kujitetea nayo. Kila mmoja atasema mnyama hana njaa. Hakuna atakayeulizwa nani alimlisha, saa ngapi, na kama yule dhaifu aliyebanwa kwenye kona alipata chochote kabla wenye nguvu hawajamaliza.

Madaktari wa mifugo wanaohudumia makao ya wanyama nchini Marekani walilitambua pengo hili, na mwaka 2010 chama chao kikatoa mwongozo wa viwango vya matunzo, kisha kikautoa upya mwaka 2022. Mwongozo huo si sheria, lakini mtunga kanuni hahitaji kuanza na karatasi tupu. Dhana iliyo katikati yake ni uwezo wa kutunza. Uwezo huo ni mkusanyiko wa vitu vingi: nafasi, watu, ujuzi, dawa, muda. Chochote kati ya hivyo kikipungua ndicho kinachoamua makao yanaweza kuwa na wanyama wangapi. Makao yenye vizimba mia moja na wahudumu wa kutosha wanyama arobaini ni makao ya wanyama arobaini.

Kipimo cha muda kinachotumika sana ni dakika 15 kwa kila mnyama kwa siku, dakika 9 za usafi na dakika 6 za kulisha. Hicho ni kiwango cha chini mno. Hakina humo kumtembeza mbwa, kumpa dawa mgonjwa, kumzoesha paka mwoga mkono wa binadamu, wala kuzungumza na familia iliyokuja kutafuta mnyama wa kumlea. Naomba mchukue kalamu tufanye hesabu pamoja. Makao yanapokea wanyama 4 kwa siku, na kila mnyama hukaa wastani wa siku 30 kabla ya kutoka. Idadi iliyomo siku yoyote itakuwa 120. Zidisha kwa dakika 15, unapata dakika 1,800, yaani saa 30 za kazi kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Hao ni wahudumu wanne wa zamu ya saa nane wasiofanya lolote jingine. Sasa chukua makao hayohayo, mlango uleule, wanyama 4 kwa siku, ila wastani wa kukaa uwe siku 15. Idadi inashuka hadi 60, na wahudumu wawili wanatosha. Kwa mwaka mzima makao hayo yamepokea wanyama 1,460 katika hali zote mbili. Hakuna hata mmoja aliyekataliwa, hakuna kizimba kilichojengwa, na bado kila mnyama amepata matunzo ambayo mwanzoni hayakuwezekana.

Hesabu hii ndiyo ingenipendeza kuiona ikitundikwa ukutani katika ofisi ya kila anayetunga kanuni hizi, kwa kuwa inaonyesha msongamano unatoka wapi. Unatoka kwenye kungoja. Mbwa anangoja daktari ampime. Amepimwa, anangoja siku ya kuhasiwa, na siku hiyo ni moja kwa wiki. Amehasiwa, anangoja mtu wa kutia saini fomu. Familia imepatikana, inangoja simu ambayo hakuna aliyepewa kazi ya kuipiga. Kila siku ya kungoja ni siku ya chakula, ya usafi, na ya hatari ya kuambukizwa. Kwa hiyo pamoja na kikomo, kanuni ziyatake makao yamkague kila mnyama kila siku kwa kupita banda kwa banda, na swali lijibiwe kwa maandishi: huyu anangoja nini, na nani atalimaliza jambo hilo leo?

Hapa sina budi kuwataja ninyi wenyewe. Wapo wanyama wanaokaa makaoni miezi mingi kwa sababu ni vielelezo vya kesi. Mmiliki ameshtakiwa kwa ukatili, mbwa wake wamechukuliwa, kesi inaahirishwa na kuahirishwa tena. Mbwa hawezi kupewa familia mpya kwa kuwa kisheria bado ni mali ya mshtakiwa. Mnyama aliyeokolewa kutoka kwenye mnyororo anafungiwa kwenye kizimba kwa muda mrefu kuliko alivyofungwa na aliyemtesa. Sheria ingeweza kuipa mahakama uwezo wa kuamua mapema suala la umiliki, kabla ya hukumu ya kosa lenyewe, au kumtaka mshtakiwa aweke dhamana ya gharama za matunzo. Hilo liko mikononi mwenu, na makao hayana namna ya kulitatua yakiwa peke yake.

Sasa niseme kinachotokea kikomo kisipokuwapo. Virusi vya parvo vya mbwa vilijulikana mwaka 1978 na ndani ya muda mfupi vilikuwa vimeenea duniani. Mtoto wa mbwa aliyeambukizwa huonekana mzima kwa siku kadhaa, akicheza na kula, kisha anaanza kutapika na kuharisha damu. Virusi hivyo vinastahimili dawa nyingi za kawaida za kusafishia na vinaweza kudumu sakafuni au udongoni kwa miezi, hata mwaka. Kinga ipo, na inajulikana: kila mbwa achanjwe anapoingia, kabla hajachanganywa na wengine, na watoto waanze wakiwa na wiki 4 hivi, warudiwe kila baada ya wiki 2 hadi wafikishe wiki 20, kwa sababu kinga waliyorithi kwa mama huizuia chanjo isifanye kazi na hakuna ajuaye ni lini hasa itakapoisha kwa mtoto huyu au yule. Baada ya chanjo kunahitajika nafasi ya kumtenga aliyetoka nje na aliyeanza kuugua. Makao yaliyojaa hayana nafasi hiyo. Kizimba cha karantini ndicho cha kwanza kuvamiwa, maana ndicho pekee kinachoonekana kitupu.

Nimelishuhudia hilo katika makao ambayo sitayataja. Waliletwa watoto wa mbwa ndani ya kikapu jioni moja, karantini ilikuwa imejaa mbwa wakubwa waliokosa mahali, na watoto wale wakawekwa pamoja na watoto wengine waliokuwa wamebakiza siku chache kwenda kwenye familia zao. Wale waliokuwapo walikuwa na afya njema, na baadhi walikuwa wameshapewa majina na watoto wa nyumba walizokuwa wakienda. Wiki iliyofuata tulikuwa tukiwazika. Aliyewaweka pamoja hakuwa mkatili. Alikuwa amechoka, saa za kazi zilikuwa zimepita, na hakukuwa na kanuni iliyomwambia kwamba kizimba cha karantini hakihesabiwi katika nafasi za makao. Nawaomba sana muiandike sentensi hiyo: nafasi za karantini na za wagonjwa zisihesabiwe katika idadi ya leseni.

Paka nao wana mateso yao, na kwa kuwa hawabweki huwa hawasikilizwi. Sehemu kubwa ya paka hubeba virusi vya mafua ya paka mwilini bila dalili, na dhiki ndiyo inayoviamsha. Paka aliyewekwa kwenye kizimba kidogo mbele ya mbwa wanaobweka, choo chake kikiwa kando ya bakuli lake la chakula, atapiga chafya na macho yatajaa usaha kabla ya wiki mbili, hata kama vizimba vinasafishwa kila siku. Tiba ya kwanza hapa si dawa. Mpe boksi la kujificha, mtenge na sauti za mbwa, weka choo angalau sentimita 60 kutoka anapolala na anapokula, na mpe kizimba chenye vyumba viwili ili kimoja kisafishwe akiwa kwenye kingine. Mambo haya yana gharama ndogo. Hayafanyiki kwa sababu mahali pamejaa na kizimba cha vyumba viwili kimegawanywa ili kiingize paka wawili.

Kelele nazo zipimwe. Mbwa wakibweka pamoja ndani ya jengo la kuta ngumu, sauti mara nyingi hupita desibeli 100, kiwango ambacho kiwandani mfanyakazi angepewa kinga ya masikio. Mbwa hawapewi kinga yoyote, na masikio yao yanasikia kuliko yetu. Kuhusu hewa, mkaguzi akiingia akasikia harufu ya amonia puani, basi kwa mnyama anayelala karibu na sakafu hali ni mbaya zaidi, na hilo lihesabiwe kuwa kosa bila kungoja kifaa cha kupimia.

Najua hoja itakayoletwa mbele yenu, kwa sababu naisikia kila mara, na wanaoileta ni watu ninaowaheshimu. Wanauliza: mkituwekea kikomo, atakayeletwa baada ya idadi kutimia tutampeleka wapi? Swali hili ni la haki. Wengi walioanzisha makao walifanya hivyo kwa kuwa hawakuweza kumpita mnyama aliyeumia barabarani. Kwao, kukataa ni usaliti. Lakini kuna hatua ambayo huruma hiyo hugeuka kuwa kitu kingine bila mwenyewe kutambua. Utafiti kuhusu watu wanaorundika wanyama umeonyesha kwamba baadhi yao ni waokoaji, waliozidiwa polepole, wakaacha kuona hali ya wanyama walio mbele yao kwa sababu macho yao yapo kwa yule ambaye hajaokolewa. Mnyama wa 121 akiingia mahali palipotosha 60, anayelipia ni wale waliokwisha kuingia. Muda wao unapunguzwa, hewa yao inapunguzwa, nafasi yao ya kupata familia inapunguzwa kwa kuwa sasa wanaugua.

Kikomo cha kisheria kitamsaidia msimamizi huyo kuliko mtu mwingine yeyote. Leo akikataa, lawama ni zake, na kuna watakaomtukana na kumwachia boksi la paka mlangoni usiku. Leseni ikiwa imebandikwa kwenye lango na idadi imeandikwa, anakuwa na la kumwonyesha mtu, na anaweza kumpa njia nyingine: uje wiki ijayo kwa miadi, tukusaidie chakula na chanjo umtunze kwako mpaka apatikane mlezi, tukuhasie paka wako bure ili usituletee watoto wengine miezi miwili ijayo. Ninavyojua, watu wengi wanaoleta wanyama hawataki kuwaacha. Wamekosa dawa, wamehama nyumba, au mbwa ameuma mtu na wameogopa. Kwa mnyama aliyegongwa na gari au aliyetelekezwa, mlango ubaki wazi, na kanuni ziweke nafasi za dharura ndani ya idadi yenyewe ili zisiliwe na wasio wa dharura.

Italia ilipitisha sheria namba 281 mwaka 1991 iliyokataza kuua mbwa waliookotwa isipokuwa wagonjwa mahututi, wasiotibika, au waliothibitika kuwa hatari. Nia ilikuwa njema, nami nisingependa irudishwe nyuma. Lakini katika maeneo mengi mbwa waliingizwa katika mabanda binafsi yanayolipwa na manispaa kwa kila mbwa kwa kila siku. Fikirieni mlipwaji huyo ana sababu gani ya kumtafutia mbwa nyumba. Kukawa na mabanda makubwa mno yenye mbwa wanaozeekea ndani. Mtunga kanuni ajifunze hapo kwamba fedha za umma zilipe kwa namna inayofupisha kukaa, na kwamba kumkataza mtu kuua bila kumtaka atunze kunaacha nusu ya kazi.

Uturuki ilibadilisha sheria yake mwaka 2024 na kuzitaka manispaa ziwakusanye mbwa wa mitaani na kuwapeleka makaoni, huku zikipewa hadi mwisho wa mwaka 2028 kujenga na kuboresha makao hayo. Makadirio ya serikali yalikuwa mbwa milioni 4 mitaani, na nafasi zilizokuwapo makaoni zilikuwa kama 105,000. Mwenye kujua hesabu ile ya kuingia na kukaa hahitaji kuambiwa zaidi. Kama kanuni zenu zitaagiza mbwa wakamatwe, zitaje palepale wataingia wapi na watatoka kwa njia gani.

Siwezi kuandika barua hii bila kuzungumzia kifo, ingawa wenzangu wengi wangependa nisiliguse. Wapo wanyama ambao kuwaacha waendelee kuishi ni kuwatesa. Kanuni ziseme wazi kwamba uamuzi huo unafanywa na daktari wa mifugo kwa maandishi, sababu ikitajwa, na unatekelezwa na mtu aliyefunzwa kwa sindano ya pentobabitali, dawa ya kulaza usingizi, mbali na macho ya wanyama wengine, na kifo kithibitishwe kabla mwili haujaondolewa. Vyumba vya gesi ya kaboni monoksidi, risasi kwa mbwa aliyefungwa, sumu: vyote vipigwe marufuku bila kipindi cha mpito. Na kikomo cha idadi kisigeuzwe kuwa kisingizio cha kuua wazima ili kupata nafasi. Ndiyo maana nimesema kikomo kiendane na miadi mlangoni, msaada kwa wamiliki na kufupisha kungoja. Makao yatakayobaki chini ya kikomo kwa kuua yaonekane katika takwimu zao, na wananchi waone.

Takwimu hizo zitangazwe kila mwaka: walioingia, waliorudi kwa wenyewe, waliopata familia, waliohamishwa, waliofia makaoni, waliouawa na kwa sababu gani, na wastani wa siku za kukaa. Jimbo la Colorado nchini Marekani huyapa makao leseni kupitia idara yake ya kilimo na huyataka yatoe ripoti ya idadi kila mwaka. Sheria ya shirikisho ya nchi hiyo ya mwaka 1966, iliyozaliwa na hasira za watu ambao mbwa wao waliibwa na kuuzwa maabara, iliwalenga wafanyabiashara wa wanyama na maabara, mwaka 1970 wakaongezwa wanaofanya maonyesho, na makao ya manispaa na ya hisani yakaachiwa majimbo. Kila jimbo likaenda njia yake, na mengine hayakwenda popote.

Pengo kama hilo lipo kwingine pia. Nchini England, kanuni za leseni za mwaka 2018 zinamtaka anayepokea mbwa wa watu kwa malipo wakati wenyewe wamesafiri awe na leseni, lakini makao ya uokoaji hayakuwekwa katika orodha. Mbwa mwenye mmiliki wa kumtetea akalindwa, asiye na mtu akaachwa. Uskoti ililiziba pengo hilo kwa kanuni zake za mwaka 2021, na Ujerumani inamtaka anayeendesha makao apate kibali na athibitishe kwamba ana ujuzi unaohitajika. Kwa hiyo naomba pasiwe na msamaha kwa hisani, na hasa pasiwe na msamaha kwa serikali. Banda la manispaa ndilo likaguliwe kwanza, na likaguliwe na ofisi isiyokuwa chini ya manispaa hiyo. Nyumba za watu wanaolea wanyama kwa muda kwa niaba ya makao zisajiliwe kupitia makao hayo, na wanyama waliomo wahesabiwe.

Mkaguzi aje bila taarifa. Aje asubuhi sana kabla ya usafi, na siku nyingine aje jioni ya sikukuu. Asiridhike na daftari. Amguse mnyama, aupapase mgongo wa mwenye manyoya marefu, maana manyoya huficha mbavu. Aulize ufunguo wa chumba ambacho hakuonyeshwa. Alinganishe chanjo zilizonunuliwa na idadi ya walioingia. Kwa kazi hii hatoshi afisa wa afya aliyeazimwa kwa siku moja. Anahitajika mtu aliyefunzwa tabia za wanyama na magonjwa ya makao.

Mwongozo niliotaja unatumia ngazi nne za maneno: kisichokubalika, kilicho lazima, kinachopasa, na kilicho bora. Ngazi hizi zitawasaidia kuepuka kosa la kudai kila kitu siku moja na hatimaye kutosimamia chochote. Kisichokubalika kikome siku sheria inapoanza: mnyama aliyefungwa mnyororo muda wote, mgonjwa asiyeonwa na daktari, maji machafu, wagonjwa na wazima pamoja, mauaji ya kikatili. Kilicho lazima kipewe muda, tuseme mwaka mmoja au miwili, pamoja na mafunzo na ruzuku kwa makao madogo, kwa sababu mengi yanaendeshwa kwa mifuko ya watu wachache na yakifungwa ghafla wanyama wao watarudi barabarani. Na kabla leseni haijafutwa, mamlaka iwe imeshapata mahali pa kuwapeleka waliomo.

Msisahau wanaofanya kazi hiyo. Takriban asilimia 99 ya watu wanaoambukizwa kichaa cha mbwa duniani huambukizwa na mbwa, na ugonjwa huo ukishaonyesha dalili karibu kila mara huua. Mhudumu anayeshika mbwa wasiojulikana historia yao achanjwe kabla ya kuanza kazi, kwa gharama ya mwajiri. Mbwa mzima aliyemuuma mtu awekwe chini ya uangalizi kwa siku 10, mahali pake peke yake, na hilo liandikwe.

Nawaomba mambo matatu kabla rasimu haijapelekwa bungeni. Ichapisheni yote, ikiwa na viambatisho, ili sisi tunaoshika mafagio tuisome. Ingizeni katika kamati angalau mhudumu mmoja na daktari mmoja ambao wamewahi kufanya kazi makaoni. Na mtakapotembelea makao kujionea, muulizeni msimamizi maswali mawili kabla hajawatembeza: leo mna wanyama wangapi, na leo wamekuja wahudumu wangapi? Geuzeni saa za zamu za wahudumu hao ziwe dakika, kisha mzigawanye wenyewe kwa idadi ya wanyama. Jibu likiwa chini ya dakika 15 kwa mnyama, jueni kwamba hapo ndipo kifungu cha kwanza cha kanuni zenu kinahitajika. Niko tayari kuitwa na kamati siku yoyote, kuujadili mfumo huu kifungu kwa kifungu.

Wenu,
Mhudumu wa makao ya wanyama